Mwongozo kamili: kukaa na mtoto wa jirani wakati wa likizo, na kuitwa tena mara ya pili

"Auntie, mtoto hakuanguka, alikula, akalala. Mbona mama yake hajaniita tena?"

Swali hili naletewa kila likizo hapa Migosi, Kisumu, na wasichana wa darasa la tisa hadi waliomaliza KCSE wanaongoja matokeo. Nimewauliza akina mama wenyewe. Hakuna aliyesema msichana hapendi watoto. Walichosema ni hiki: "Nilipotoka hakuniuliza chochote, na niliporudi hakuwa na cha kuniambia. Nikimwuliza mtoto alikula saa ngapi, ananijibu, 'Alikula.'"

Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye kuuliza na kueleza. Kubadilisha nepi utajifunza kwa siku moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutafuta kazi

- Daftari dogo la kuingia mfukoni na kalamu mbili. Hiki ndicho kifaa chako kikuu.
- Simu yenye chaji na salio la kupiga, si bando peke yake. Kama huna yako, azima ya nyumbani, kisha mpe mzazi wa mtoto nambari hiyo mbele ya mama yako.
- Mtu mzima anayeweza kusema neno juu yako: mwalimu, kiongozi wa kanisa au msikiti, au jirani ambaye umewahi kumsaidia.
- Kucha fupi, nywele zilizofungwa, hereni ndogo au usivae kabisa. Mtoto wa miezi 8 huvuta chochote kinachoning'inia.
- Leso moja ya ziada, ya kufutia, kufunikia na kuchezea.
- Ujuzi kidogo wa huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu una matawi Kisumu na Nakuru na hutoa mafunzo, na shule nyingi zina klabu zake. Kama nafasi haijapatikana, mwombe muuguzi wa mtaani akuonyeshe kwa mikono yale nitakayoandika kwenye hatua ya 7. Kusoma pekee hakutoshi.

## Hatua ya 1: Anza na mama yako

Mzazi au mlezi wako lazima ajue nyumba, majina, saa ya kwenda na saa ya kurudi. Usiseme tu "naenda kwa Mama Junior". Mpeleke mlangoni mara moja waonane.

Sababu ya kwanza ni usalama wako. Ya pili ni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na aliye kati ya 13 na 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumnyima shule. Saa chache za Jumamosi ni jambo moja. Kulala huko wiki nzima shule zikiwa zimefunguliwa ni jambo jingine, na jibu lake ni hapana hata pesa zikiwa nzuri.

Utajua umefaulu hatua hii ukiona mama yako ana nambari ya mwenye mtoto kwenye simu yake.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali kazi ilipo

Wengi hukaa nyumbani wakingoja kuitwa. Fikiria ni nani anayehitaji mtu, na siku gani. Muuzaji wa Kibuye hana nafasi Jumapili, siku ambayo soko hilo hujaa kuliko zote. Wanachama wa chama cha akiba hukutana Jumapili alasiri. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku anatafuta saa nne za usingizi. Halafu kuna mazishi: Ijumaa na Jumamosi nusu ya ploti iko njiani kwenda Siaya au Homa Bay, na si kila mtoto anaweza kubebwa kwenye matatu.

Anza na watu wa ploti yenu au wa kanisa lenu, ambao tayari wanajua unakotoka. Usibandike nambari yako ukutani wala kwenye makundi ya WhatsApp ya watu usiowajua. Nyumba ya kwanza iwe umbali ambao mama yako anaweza kuja kwa miguu.

Mtoto wa kwanza pia mchague. Chini ya miezi 6, mwache kwanza, au kaa naye mama yake akiwa chumba cha pili. Wa miaka 3 hadi 7 ni mwanzo mzuri, kwani anaweza kusema anapoumwa.

Neno kwa wavulana: mnaweza, ingawa akina mama wengi watasita. Anzeni na watoto wa shule ya msingi wanaohitaji mtu wa kuwasimamia kazi za nyumbani na mpira. Ninamjua mmoja pale Nyamasaria ambaye kila Jumamosi ana watoto watatu wa kaka mmoja, na hakuna aliyewahi kumhoji tena.

## Hatua ya 3: Elewaneni kazi na pesa kwa sauti

Japidi kwa Kijaluo, mureri kwa Kikuyu, yaya kwa Kiswahili: maneno haya humfanya mtu afikirie msichana wa kazi zote. Ukinyamaza, utaingia kukaa na mtoto utoke umefua mashuka na kudeki ngazi. Wakati unadeki, nani anamwangalia mtoto?

Sema mapema, kwa heshima: "Mama, nitamlisha, nitamwosha na nitasafisha alipochafua. Kufua na kudeki sitaweza, nitakuwa na mtoto."

Kuhusu malipo, waulize wanawake wawili wa ploti wanalipa ngapi kwa nusu siku, kisha taja kiasi kilichoko katikati. Mimi mara ya kwanza nililipwa shilingi 150 na sahani ya ugali na omena. Nilifurahi, lakini hatukuwa tumesema saa, na mwenye mtoto alirudi saa mbili usiku badala ya saa kumi. Siku hizi nawaambia wasichana wataje mambo matatu: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na nyongeza kwa kila saa inayopita. Kwa wanaokwenda mazishi, saa ya kurudi ihesabu na foleni ya matatu.

Pesa zikipitia M-Pesa ya mama yako ni sawa, bora zikufikie.

## Hatua ya 4: Makabidhiano, dakika 15 za kwanza

Hapa ndipo kazi inapopatikana au kupotea, kwa hiyo tulia nami.

Fika dakika 20 kabla ya saa mliyopatana. Mzazi anayekimbilia matatu hujibu kila swali kwa "utaona tu". Toa daftari, andika tarehe, kisha uulize huku unaandika. Usione haya. Mama anayekuona ukiandika huanza kukumbuka mambo ambayo angeyasahau.

Uliza alikula nini mara ya mwisho, na saa ngapi. Atakula nini tena, na kipi haruhusiwi. Ana mzio? Kuna dawa? Kama ipo, mzazi akuonyeshe chupa, kipimo na saa, nawe uandike. Dawa ambayo hukuonyeshwa usimpe, hata kama iko mezani na mtoto anakohoa.

Uliza hulala saa ngapi, na hulalaje. Uliza ni nani anaruhusiwa kuingia, na ni nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Jibu la pili liandike kwa jina. Akija mjomba ambaye hayumo daftarini, mlango unabaki umefungwa hadi mzazi athibitishe kwa simu. Ataudhika. Mwache audhike.

Chukua nambari mbili: ya mzazi, na ya mtu mzima aliye karibu zaidi ambaye anaweza kufika ndani ya dakika tano. Mzazi aliye Bondo hatakusaidia mtoto akipaliwa.

Na swali ambalo hakuna anayeliuliza: "Ana maneno yake gani?" Nilipokuwa na miaka 16 nilikaa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyelia "koko, koko" bila kukoma. Nikajua anataka kuku. Nikamtoa nje kumwonyesha kuku wa jirani, nikamrudisha ndani, nikamtoa tena, saa nzima. Mama yake aliporudi alichukua kikombe chekundu juu ya kabati, akamtilia maji. Koko ilikuwa kikombe. Mtoto alikuwa na kiu muda wote huo.

Utajua umefaulu kama ukurasa umejaa na mzazi ametoka bila kurudi mlangoni mara tatu.

## Hatua ya 5: Zunguka nyumba kwa magoti

Mzazi akishaondoka, piga magoti uone nyumba kwa urefu wa mtoto. Nasema kwa magoti kweli.

Maji kwanza. Kisumu maji ya mfereji hukatika na kila nyumba ina ndoo na beseni zilizojaa. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yenye kina cha sentimita 5, kwa sababu kichwa chake ni kizito na hawezi kujiinua. Hatapiga kelele. Funika ndoo, mwaga beseni, funga mlango wa bafu.

Kisha vitu vya moto. Chupa ya chai juu ya kitambaa cha meza ni ajali inayongoja: mtoto huvuta kitambaa, chai humwagikia usoni. Ondoa kitambaa. Mikono ya sufuria igeuze upande wa ukutani.

Mafuta taa na jiki mara nyingi huwekwa kwenye chupa ya soda. Ziinue juu. Akinywa, usimtapishe wala kumnywesha maziwa. Yakipanda tena yanaweza kuingia mapafuni. Piga simu na mwende hospitali na chupa yenyewe.

Kwa wasomaji wa Nakuru, baridi ya jioni huko Lanet na Milimani hushawishi watu kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Moshi mtauona, lakini hewa inayoua haina rangi wala harufu. Jiko libaki nje. Mvike mtoto sweta ya pili.

Stima ikipotea, tumia tochi ya simu. Mshumaa karibu na neti, usithubutu.

## Hatua ya 6: Kula, nepi, kulala, kulia

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha na baada ya kila nepi. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa maziwa tu, hata maji hapewi, jua liwake vipi. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yakae kwenye friji. Nje ya friji yasizidi saa 4, na hiyo ni mahali penye nyuzi joto 25 au chini, kiwango ambacho mchana wa Kisumu hupita kwa urahisi. Yapashe kwa kuiweka chupa ndani ya bakuli la maji moto, si jikoni. Tone moja kwenye kifundo cha mkono wako litakuambia kama ni moto mno. Asali, hata kidogo, hapewi aliye chini ya mwaka mmoja.

Kwa wakubwa kidogo, samaki mchambue kwa vidole vyako, si kwa macho tu. Miiba ya ngege (tilapia) ni midogo. Njugu na peremende ngumu si za walio chini ya miaka 5. Akae anapokula. Mtoto anayekimbia na chakula mdomoni ndiye hupaliwa.

Nepi: kila kitu kiwe mkononi kabla ya kumlaza, na mkono mmoja ubaki juu yake. Msichana hupanguswa kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usimletee maambukizi ya mkojo.

Mtoto mchanga alazwe chali, bila mto na bila blanketi zito. Usilale naye kwenye kochi. Neti ishushwe na kukunjwa chini ya godoro hata kama ni usingizi wa jioni tu. Ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima.

Na akilia? Atalia. Fuata mpangilio: njaa, nepi, joto au baridi, gesi, usingizi, kisha daftari lako (pengine ni koko). Ukimaliza yote na bado analia, na wewe unahisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka chumbani, hesabu hadi mia. Kamwe usimtikise. Kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kuumiza ubongo wake kabisa. Kumpigia mama yake simu kusema "amelia nusu saa, nimejaribu hivi na hivi" si aibu. Mama wengi huniambia hiyo ndiyo simu iliyowafanya wamwamini msichana.

Halafu ile simu yako. Video fupi moja huzaa kumi, na mtoto wa miaka miwili huhitaji nusu dakika tu kufika barabarani. Usimpige picha na kuiweka kwenye status, hata akipendeza namna gani. Si mtoto wako.

## Hatua ya 7: Mambo yakiharibika

Akipaliwa. Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa karibu. Kama hatoi sauti na anabadilika rangi, mwite jirani kwa kelele na uanze. Wa chini ya mwaka: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, mpige mapigo 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Mgeuze, mbonyeze kifua katikati mara 5. Rudia. Wa zaidi ya mwaka: mapigo 5 mgongoni akiwa ameinama, kisha simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Usichokore koo kwa kidole kama huoni kitu, utakisukuma ndani.

Akiungua. Maji safi ya baridi ya kawaida yamwagikie jeraha kwa dakika 20. Ishirini kamili, tazama saa. Kama mfereji umekauka, tumia kikombe na ndoo. Jirani atakuja na dawa ya meno, mwingine na unga, mwingine na yai. Washukuru wote na uendelee na maji.

Akichemka mwili. Hapa kwetu homa ya mtoto hupimwa malaria siku hiyo hiyo, haingoji kesho. Mpigie mzazi mara moja, mpunguzie nguo. Akishikwa na degedege, mgeuze ubavu, ondoa vitu vya karibu, usimtie kijiko mdomoni. Degedege, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, au kulegea bila kuamka: mojawapo ya haya ni safari ya hospitali sasa hivi, na mtu mzima wa daftarini awe nawe. Ukiwa Kisumu na boda haelewi ukisema hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, mwambie Russia. Wote wanaijua kwa jina hilo.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Ziandike nyuma ya jalada la daftari.

## Hatua ya 8: Jilinde mwenyewe

Ukifika ukakuta mama ameshatoka na yuko mwanamume peke yake nyumbani, huna lazima ya kuingia. Sema umesahau kitu, rudi kwenu. Hili si kumshuku kila baba. Ni kanuni moja isiyobadilika, ili usilazimike kuamua papo hapo ukiwa na hofu.

Patana na mama yako neno la siri. Wasichana wangu wawili hutumia "umeanika mchele?" Mmoja akiandika hivyo, mzazi wake anakuja bila kuuliza.

Giza likiingia, usirudi peke yako wala usisindikizwe na mtu ambaye mama yako hamjui. Liwekeni hili kwenye mapatano ya hatua ya 3. Mtu akikugusa au kukusemesha vibaya, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo, au piga 116, nambari ya watoto. Haitozi pesa na hupokelewa mchana na usiku.

## Hatua ya 9: Kumrudisha mtoto

Nusu saa kabla ya mzazi kurudi, mwoshe mtoto uso, okota vitu vya kuchezea, osha vyombo mlivyotumia wawili.

Kisha msomee mzazi ukurasa wa siku hiyo. Mfano ambao msichana mmoja aliniachia mimi mwenyewe: "Saa saba alikula wali nusu sahani, akakataa maharagwe. Saa nane na nusu alilala, akaamka saa kumi kasoro. Alianguka kwenye mlango, goti limechubuka kidogo, nimeliosha kwa maji na sabuni. Anashika shika fizi upande wa kushoto."

Hilo goti lisomwe hata kama halionekani. Mama ataliona akimwogesha, na alama aliyoiona mwenyewe bila kuambiwa huifuta ile siku yote nzuri. Ukurasa uchane umpe.

Ukipokea pesa, hesabu mbele yake, shukuru. Usiulize "utaniita lini?" Taja siku zako: "Mama, likizo hii niko huru Jumatano na Jumamosi."

Wiki ikipita kimya, tuma ujumbe mmoja: "Habari ya leo Mama Junior. Jino la Junior limetoka? Jumamosi hii na ijayo niko nyumbani." Wa pili usitume.